Gadenia Iliyonyweshwa Magadi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Bustani ya Arusha

Mwezi Julai 2022 mwalimu mmoja mstaafu, anayeishi upande wa kusini wa mji wa Arusha, aliniita nikamtazamie gadenia yake, ambayo kwa mwaka wa pili mfululizo ilikuwa ikigeuka njano na kuangusha matumba kabla hayajafunguka. Kichaka chenyewe kilikuwa na asili ya kutajika. Alikileta mwaka 2018 kutoka Lushoto kikiwa tawi dogo lenye mizizi, lililotolewa kwenye gadenia iliyopandwa na marehemu mama yake mbele ya nyumba ya familia, na gadenia hiyo ya kwanza ilikwisha kung'olewa nyumba ilipouzwa. Aliniambia, "Mwanangu, hii ikifa hakuna mahali pa kwenda kuchukua nyingine," nikaona wazi kwamba kazi hii haikutaka papara.

Gadenia ni ndugu wa mbuni. Yote miwili ni ya ukoo mmoja. Anayeufahamu mbuni hana haja ya kuelezwa mengi, kwa maana ataona majani yaliyokaa mawili mawili yakitazamana, yenye mng'ao kama yaliyopakwa mafuta, yasiyopukutika kwa msimu, na maua meupe yenye harufu nzito. Asili yake ni kusini mwa China, Taiwan na Japani, ingawa Wazungu kwa muda mrefu waliiita asmini ya Rasi, wakidhani imetoka Rasi ya Tumaini Jema, na jina la gadenia ililipata mwaka 1761 kwa heshima ya Alexander Garden, daktari Mskoti aliyekuwa akiishi Charleston, Marekani. Kwa hali ya hewa Arusha inaifaa. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hauna joto la kuunguza wala barafu ya kuua, na usiku wa Julai, ambao hushuka hadi nyuzi 12 au 13, huichelewesha gadenia lakini hauiui. Kwa hiyo tangu mwanzo sikuona sababu ya kulaumu baridi peke yake, kama majirani walivyokuwa wakifanya.

Nilianza na majani machanga. Niliinamisha tawi la juu, nikashika jani lililokuwa halijazidi urefu wa kidole gumba. Lilikuwa na rangi ya njano iliyopauka, karibu na weupe, lakini mishipa yake yote, mikubwa na midogo, ilikuwa bado ya kijani, hivi kwamba jani zima lilionekana kama wavu wa kijani uliotandikwa juu ya karatasi ya manjano. Majani ya chini, ya mwaka uliopita, yalikuwa bado ya kijani kibichi, isipokuwa ncha zake zilikuwa kavu na za kahawia kana kwamba zimepitishwa kwenye moto. Mpangilio huo una maana kubwa kuliko rangi yenyewe. Mmea ukikosa naitrojeni hunyang'anya majani yake ya zamani ili kuyalisha machanga, ndiyo maana njano ya njaa huanzia chini na kupanda juu. Chuma hakihamishiki namna hiyo; kikishatua kwenye jani la zamani hubaki hapo, na jani jipya lisipokipata kutoka chini, kwenye udongo, hukikosa kabisa. Njano iliyoanzia juu, na yenye mishipa ya kijani, ilikuwa inasema habari ya chuma, na zile ncha zilizoungua zilikuwa zinasema habari ya chumvi.

Nilipouliza kichaka kimefanyiwa nini kwa miaka hiyo miwili, niliorodheshewa mambo mengi yaliyofanywa kwa nia njema kabisa. Mwalimu alikuwa amekiwekea samadi ya ng'ombe mara mbili kwa mwaka. Kijana anayemsaidia bustanini alikuwa akitia mbolea ya CAN kila alipoona njano imeongezeka, kisha urea ilipoonekana CAN haitoshi. Siafu na sisimizi walipoanza kupanda shinani, alimwaga majivu ya jikoni kuzunguka shina, na kwa kuwa yalisaidia kidogo, akawa anamwaga kila wiki. Mtu fulani alishauri maganda ya mayai yaliyopondwa, nayo yakawekwa. Sikutaka kumtia kijana huyo lawama, kwa sababu kila kimoja katika hivyo kina mahali pake penye manufaa, hasa kwenye mahindi na mboga. Lakini ukivitazama pamoja, CAN hutengenezwa kwa kuchanganywa na chokaa, majivu ni magadi, na maganda ya mayai ni chokaa tupu. Mmea unaopenda udongo wenye tindikali, wa kipimo cha pH kati ya 5 na 6 (chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni magadi), ulikuwa umesukumwa upande wa pili kwa dawa nyingi ulizopewa.

Hata hivyo sikuridhika kwamba majivu na mbolea vinatosha kueleza ugonjwa wote. Majivu yalianza mwaka 2021, wakati mwalimu alikumbuka vizuri kwamba majani ya kwanza ya njano aliyaona mwishoni mwa 2020, kabla ya majivu na kabla ya CAN. Kulikuwa na kitu kilichotangulia.

Jibu lilitoka jikoni. Tulikuwa tumekaa barazani, chai imeletwa, na nikaona ilivyokuwa nyeusi, nyeusi kuliko inavyostahili chai iliyotiwa majani ya kawaida. Nikamuuliza kama amezidisha majani. Akacheka, akasema chai ya nyumba hiyo ndivyo ilivyo tangu wachimbe kisima kirefu, na kwamba hata makande hapo hayahitaji magadi. Maharage yanaiva yenyewe, tena haraka, mpaka ndugu zake wakija kutoka Lushoto wanashangaa. Nikauliza kuhusu sabuni. Akasema sabuni inatoa povu jingi, na nguo huchukua muda kuisha utelezi.

Mtu akiambiwa maji ya kisima yameharibu mmea, mara nyingi hufikiri chokaa, yale maji magumu yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kuifanya sabuni igande bila povu. Hapa ilikuwa kinyume. Sabuni ilitoa povu kwa sababu chokaa ilikuwa kidogo, na maharage yaliiva upesi kwa sababu maji yalikuwa na magadi ndani yake tayari, yaani bikaboneti ya sodiamu. Haya ndiyo maji yanayopatikana sehemu nyingi za Arusha, kwa kuwa hupita katika miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuchota sodiamu humo. Ni maji yale yale yanayojulikana kwa floraidi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na mambo hayo mawili yanakwenda pamoja kwa sababu inayoeleweka: chokaa ingekuwepo ya kutosha ndani ya maji ingeishika floraidi na kuituamisha, lakini maji ya magadi hayana chokaa ya kufanya kazi hiyo. Shina la gadenia lilikuwa likinyweshwa maji hayo tangu kisima kilipochimbwa mwaka 2019. Mwaka wa kwanza mmea uliishi kwa udongo wa Lushoto uliokuja nao ndani ya mfuko, ule ule udongo wa Usambara wenye tindikali ambao chai hustawi juu yake. Tindikali hiyo ilipokwisha kuliwa na magadi, njano ikaanza. Tarehe zililingana.

Bado nilitaka kuthibitisha, kwa sababu ushauri niliokuwa karibu kuutoa ungemgharimu mwalimu fedha. Nilikata vipandikizi sita kutoka kwenye matawi yaliyokomaa nusu, yale ambayo ukiyakunja yanapinda kwanza kabla ya kuvunjika, nikavichomeka kwenye mchanga mchanganyiko na mboji, na kuvifunika kwa mfuko angavu wa plastiki kivulini. Vinne viliota mizizi baada ya wiki nane. Vyote vinne nilivipanda kwenye vyungu vya ukubwa mmoja, kwa udongo mwekundu wa shamba moja la kahawa uliotoka kwenye kiroba kimoja, na sikuweka mbolea yoyote. Viwili vikawa vinanyweshwa maji ya kisima, viwili maji ya mvua tuliyokinga kwenye ndoo. Mwezi Februari 2023 tofauti ilionekana kwa jicho la mtu yeyote: vile vya mvua vilikuwa na majani machanga ya kijani kilichoiva, na vile vya kisima vilikuwa vimeanza kupauka kwenye jozi mbili za juu. Juu ya udongo wa vyungu vya kisima kulikuwa na utando mweupe mwembamba pembezoni, na maji yalipomwagwa yalisimama juu kwa muda kabla ya kuzama.

Kule kusimama kwa maji ni sehemu ya ugonjwa ambayo hutajwa mara chache, nami naona ni nusu ya habari yote. Sodiamu ikizidi, chembe za udongo wa mfinyanzi haziwezi tena kushikana katika vibonge. Hutawanyika, huziba matundu ya hewa, na udongo unakuwa kama tope lililokandwa unapolowa na kama tofali unapokauka. Mizizi ya gadenia ni myembamba na iko juu juu, na hewa ikikosekana hufa kabla ya kitu kingine. Kwa hiyo mmea unapata hasara mbili kwa mpigo, kwa maana chuma kimo udongoni lakini pH iliyopanda imekifunga, na hata kile kidogo kilichobaki huru hakina mizizi mizima ya kukichukua. Karatasi ya kupimia ilionyesha udongo wa shinani umefika karibu na 8. Mtu akiweka hapo salfeti ya chuma ya kawaida, chuma hicho nacho hugeuka kuwa kutu isiyoyeyuka baada ya muda mfupi, na mwenye bustani hubaki akisema dawa ni feki.

Julai ilikuwa na mchango wake. Udongo ukipoa, mizizi ya gadenia hupoteza uwezo wa kufyonza chuma hata pale ambapo chuma kinapatikana, na ndiyo sababu mwalimu aliona njano ikizidi kila Juni hadi Agosti na kupungua kidogo Oktoba jua linaporudi. Wingu zito la miezi hiyo, pamoja na matandazo mazito ya nyasi ambayo kijana alikuwa ameyalundika shinani, vilifanya udongo usione joto la mchana kabisa. Baridi ilikuwa inazidisha ugonjwa, lakini haikuuanzisha.

Sasa kuhusu matumba, ambayo kila mtu aliyachukulia kuwa tatizo lile lile. Nilikaa nayo asubuhi tatu tofauti, na ninaamini ndipo makosa makubwa ya matibabu yalipotokea. Matumba yalikuwa yanatungwa vizuri. Nilihesabu zaidi ya thelathini. Yalikua hadi kufikia ukubwa wa punje ya mahindi, kisha kikonyo kilipata rangi ya kahawia pale kinapoungana na tawi, na ukiligusa tumba kwa kucha lilidondoka likiwa bado la kijani. Sikuona alama za wadudu ndani nilipoyapasua. Mmea wenye upungufu wa chuma hutoa maua machache, lakini kuangusha tumba lililokwisha kutungwa ni tabia ya gadenia iliyoshtushwa, na kinachoishtua mara nyingi ni kiu na shibe vinavyopishana. Kijana alikuja Jumatano na Jumamosi. Jumamosi alikuwa na muda, akamwagilia hadi maji yakatuama. Jumatano alipita haraka na bomba. Katikati ya hapo, upepo mkavu wa Agosti na Septemba ulikuwa unakausha ile safu ya juu yenye mizizi. Kila matumba yalipoanguka, kichaka kilipewa urea ili kipate nguvu, na urea ikakisukuma kuotesha machipukizi laini yaliyoyapokonya matumba maji na chakula. Kwa hiyo dawa ya njano ilikuwa inaangusha matumba, na kuanguka kwa matumba kulikuwa kunaita dawa zaidi.

Niliyapanga matibabu kwa kutenganisha mambo hayo mawili. La matumba halikuhitaji fedha: urea na CAN zikasimamishwa mara moja, na maji yakawa lita 10 kila baada ya siku tatu wakati wa kiangazi, bila kuruka na bila kuzidisha, yakimwagwa asubuhi.

La maji lilihitaji tangi. Mwalimu alisita, akidhani bustani nzima itategemea mvua, lakini hesabu yenyewe ni ndogo. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Upande mmoja wa paa lake una mita za mraba 60 hivi, kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 20 hujaza simtanki ya lita 1,000, hata ukitoa maji ya kwanza yanayopaswa kumwagwa kwa sababu ya vumbi. Kichaka kimoja na vyungu vinne havinywi zaidi ya lita 35 kwa wiki. Tangi hilo linavusha miezi sita, na mboga na nyasi ziliendelea kunywa maji ya kisima.

Udongo tuliubadilisha masika ya 2023. Tulichimba kichaka siku ya mawingu, mwezi Machi, tukihifadhi bonge la mizizi, na tulipolipasua pembeni tukakuta mizizi mingi ya nje imeoza na kuwa kahawia, huku ile iliyo katikati, ndani ya mabaki ya udongo wa Lushoto, ikiwa bado meupe. Nilimwonyesha mwalimu, akaushika udongo ule kwa vidole, akanyamaza kwa muda. Tulikihamishia kwenye tuta la kuinuliwa, mita mbili kutoka kwenye ukuta wa saruji, kwa maana saruji nayo huvujisha chokaa, na tuta likajazwa udongo mwekundu wa shamba la kahawa, maganda ya kahawa yaliyooza, na salfa ya unga viganja viwili. Salfa haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Ni bakteria wa udongoni wanaoigeuza polepole kuwa tindikali, nao wanahitaji joto, unyevu na miezi kadhaa. Kwa kipindi hicho cha kusubiri nilitumia chuma cha kileti, yaani chuma kilichofungwa ndani ya kemikali inayokizuia kugeuka kutu, na hapa msomaji anayetaka kununua asome paketi kwa makini. Kileti cha EDTA, ambacho ndicho hujaa kwenye maduka ya pembejeo, huvunjika pH ikipita 6.5 hivi, kwa hiyo kwenye udongo wa magadi ni kazi bure, labda kinyunyiziwe majanini. Kinachostahimili ni EDDHA, unga mwekundu uliokoza, ghali zaidi, lakini kijiko kidogo kimoja kwenye ndoo kilitosha kurudisha kijani kwenye majani machanga ndani ya wiki tatu. Mbolea ya kukuzia tuliyoichagua baadaye ni SA (salfeti ya amonia), kwa kiasi kidogo, kwa kuwa huacha tindikali nyuma yake.

Kuna watu waliomshauri mwalimu atandaze majani ya misindano kutoka mashamba ya miti ya serikali, wakisema yanaleta tindikali. Sikumkataza, maana ni matandazo mazuri yanayopitisha hewa, ila nilimweleza kwamba tindikali yake ni ndogo mno kushindana na maji ya magadi. Miezi ya Juni hadi Agosti tunayasogeza mbali na shina ili jua la mchana lifike kwenye udongo.

Matokeo yalikuja kwa hatua. Julai 2023 hakukuwa na njano mpya, na ile ya zamani haikupona, kwa sababu jani lililokomaa likiwa la manjano halirudi tena vizuri; kichaka kililazimika kujivika upya. Kisha ikaja vuli ya 2023 na mvua za El Niño, zilizonyesha kwa wingi usio wa kawaida, nazo zilisafisha chumvi yoyote iliyobaki kwenye tuta. Sitazihesabia juhudi zetu peke yake kijani kizito kilichofuata Desemba hiyo. Ninachokishikilia ni vile vyungu vinne, ambavyo vilikuwa chini ya baraza, havikunyeshewa na El Niño hata tone, na tofauti yao iliendelea vile vile mpaka tulipovigeuza vya kisima navyo kunywa maji ya mvua, vikaanza kupona.

Oktoba 2024 kichaka kilifungua maua kumi na tisa. Mwalimu aliyahesabu mwenyewe, akanipigia simu asubuhi ya ua la kwanza, nami nilipofika jioni ya kesho yake lilikuwa limekwisha kuanza kugeuka rangi ya maziwa mgando, kama gadenia zinavyofanya siku ya pili, na harufu yake ilikuwa imefika getini.

Kipindi kigumu kilichobaki ni mwisho wa Januari na Februari, vuli ikiwa haba na tangi likiwa limefika chini. Hapo tunalazimika kutumia maji ya kisima yaliyotibiwa: ndimu kubwa nne zilizokamuliwa kwenye ndoo ya lita 20, maji yanatoa vipovu vidogo vya hewa kama soda iliyopoa, na karatasi ya kupimia inashuka hadi kati ya 6 na 6.5. Ndimu huondoa bikaboneti, lakini sodiamu inabaki ndani ya maji, kwa hiyo hatuzidishi wiki nne, na mvua ya kwanza ya masika tunaiacha inyeshe juu ya tuta wazi, bila matandazo, ioshe. Februari 2025 jozi mbili za juu zilipauka kidogo upande wa mashariki. Mwalimu tayari ameagiza tangi la pili, na vyungu viwili kati ya vinne vimekwenda kwa wadogo zake, kimoja Moshi na kingine Lushoto.